Simu Zikizima, Nani Atapiga Nduru?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mimi, ndugu msomaji, nina swali ambalo wahenga hawakuniachia jibu lake: je, jambo likiwapo na mbiu ikose mpigaji, inakuwaje? Swali hili silitoi vitabuni. Nalitoa katika maji yaliyonifika kiunoni usiku wa manane, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika jarida hili la chama chetu cha Kiswahili niseme yaliyo moyoni.

Mnakumbuka mwaka wa 2024. Mvua za masika zilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Kote nchini Kenya watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na muhula wa pili ukasukumwa mbele mpaka Mei 13. Sisi wengine tulifurahi, tukasema likizo imerefuka. Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Nilipanda matatu nikaenda zangu Nyatike kwa nyanya yangu, ambaye sote nyumbani twamwita Dani. Boma lake liko chini kabisa, karibu na mahali Mto Kuja unapokaribia kuingia Ziwa Victoria.

Siku yenyewe ninayoisimulia haikuwa na mvua. Narudia, haikuwa na mvua hata tone! Jua liliwaka, Dani akaanika omena, baba mdogo akaenda kuangalia mahindi yake. Tulilala mapema kwa sababu stima ilikuwa imepotea siku ya pili, na simu zote za boma zilikuwa zimezima. Duka la kuchajia pale sokoni lilikuwa giza vilevile. Hata mwenye chaji alikuwa hana mtandao, maana mlingoti wa simu nao ulikuwa umekufa.

Usiku tukasikia nduru. Kwanza moja, mbali, upande wa mtoni. Kisha boma la pili likaitikia, la tatu, halafu jirani yetu kabisa. Nilipoteremsha miguu kutoka kitandani nilikanyaga maji. Baba mdogo alimbeba Dani mgongoni kama mtoto, mimi nikashika mkono wa binamu yangu mdogo, tukaelekea kwenye kichuguu kirefu kilicho kando ya barabara. Mbuzi saba wa Dani walikwenda na maji. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima aliyenipa miwa mchana ule ule, alirudi kumfungua ng'ombe wake. Hakutoka.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma mpaka leo. Shangazi yangu ameolewa juu huko, upande wa Kisii, ambako mto huo huo huitwa Gucha. Adhuhuri ya siku ile aliuona mto umefura, maji mekundu, magogo yakielea. Alijua maji hayo yanakwenda wapi. Alitupigia simu mara kumi na moja. Kila mara aliambiwa mteja hapatikani. Kwa hiyo habari ilikuwepo! Ilikuwepo saa kumi na zaidi kabla ya maji kufika mlangoni kwetu. Kilichokosekana ni njia ya kuishusha kutoka mlimani hadi tambarare. Mzee wetu aliuawa na maji, ndiyo, lakini naona aliuawa pia na ukimya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kila mtu, kuanzia mwalimu wetu wa Fizikia hadi fundi wa redio pale mjini: kuna njia gani ya kupeleka sauti mbali bila mlingoti wa simu na bila stima? Jibu nililopata ni la kale kuliko simu za mkononi. Ni redio ya ridhaa.

Hebu nieleze, kwa maana najua wengine tayari mnafikiria ile redio ya kusikiliza mpira. Siyo hiyo. Redio ya ridhaa ni chombo cha kusema na kusikiliza, jamaa ya ile ambayo wazee wetu waliita simu ya upepo. Mwenye kuitumia halipwi wala hafanyi biashara nayo. Anajifunza, anatahiniwa, anapewa leseni na serikali, kisha anapewa jina la hewani la herufi na tarakimu ambalo ni lake peke yake duniani. Majina ya Kenya huanza na 5Z, ya Tanzania 5H, na ya Uganda 5X. Hapa kwetu leseni hutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kuna chama cha kitaifa cha watu wa kazi hiyo ambacho ni mwanachama wa muungano wao wa kimataifa. Si mambo ya uchawi wala ya kijasusi.

Kinachonivutia mimi ni kwamba chombo hiki hakihitaji kampuni yoyote katikati. Simu yako ya mkononi haizungumzi na simu ya shangazi. Inazungumza na mlingoti, mlingoti unazungumza na mitambo ya mbali, mitambo inautafuta mlingoti wa shangazi. Kiungo kimoja kikikatika, nyote wawili ni mabubu. Redio ya ridhaa inatoka kwangu kwenda kwako moja kwa moja. Betri ya gari ya volti 12, kipande cha sola cha kuijaza, waya wa shaba na chombo chenyewe. Basi.

"Lakini milima ya Kisii je?" Nilimwuliza mwalimu swali hilo hilo, akatabasamu, akachukua chaki. Alisema redio ndogo za mkononi, zile tunazoita wokitoki, mawimbi yake huenda kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama mbele, hayapiti. Lakini mawimbi ya masafa ya chini zaidi, kama yale ya megahezi 7, unaweza kuyarusha juu. Huko juu sana kuna tabaka la hewa liitwalo ionosfia. Yakigonga pale hurudi chini, kama mpira unaorushwa ukagonga dari ya darasa na kumwangukia mwenzako aliye nyuma ya kabati. Kabati halikuzuia kitu! Mchana hutumia masafa hayo, na usiku, ionosfia inapobadilika, hushuka hadi karibu na megahezi 3.5. Kwa njia hiyo mtu wa Nyatike humfikia mtu wa Kisii, wa Kisumu hata wa Nairobi.

Nanyi wanafunzi wenzangu mnaolalamika kwamba somo la mawimbi halina faida nje ya mtihani, haya, toeni kalamu. Mwendo wa wimbi ni mita 300,000,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 7,100,000. Utapata urefu wa wimbi, mita 42 na kitu. Nusu yake ni mita 21, na mafundi hupunguza kidogo ikawa karibu mita 20. Huo ndio urefu wa waya wa antena. Kutoka mwembe hadi mwembe! Hesabu ya kidato cha pili, na ndiyo ambayo ingemfikishia Dani ujumbe.

Msidhani ninaota ndoto za mchana. Eneo letu hili la Afrika Mashariki limewahi kuokolewa na redio kabla wengi wetu hatujazaliwa. Madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1957, walitambua mapema kwamba ndege bila habari ni bure. Katika miaka ya 1960 wakaweka redio za kuzungumza katika hospitali za mbali, nesi wa kijijini akaweza kuzungumza na daktari wa Nairobi na kuitisha ndege. Redio hizo zilikuwa na kibali cha kazi yao, hazikuwa za ridhaa, lakini njia ni ile ile: waya, betri na sauti.

Na ng'ambo ya bahari je? Desemba 2004, mama mmoja wa India aitwaye Bharathi Prasad alikuwa amekwenda visiwa vya Andaman na wenzake kwa shughuli ya redio ya ridhaa. Asubuhi ya Desemba 26 ardhi ikatetemeka na wimbi la tsunami likaja. Simu zikanyamaza. Mama yule na wenzake wakaacha mchezo, wakaanza kupeleka habari: nani yu hai, nani anatafutwa, msaada gani unahitajika. Hawakutumwa na mtu. Walikuwa na chombo na ujuzi, basi. Hata mkutano wa dunia wa mambo ya redio uliofanyika Geneva mwaka wa 2003 ulizihimiza nchi ziwawezeshe watu wa redio ya ridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa. Mkutano huo huo ukaondoa sharti la kimataifa la kila mmoja kujua alama za Morse. Kwa hiyo msiogope ile ti-ta-ti-ta.

Nikizungumza hivi kuna wenzangu hunicheka. Nitawajibu mmoja mmoja, kwa adabu.

Wa kwanza husema: "Wewe, huu si wakati wa babu zetu. Simu zimejaa." Ndiyo, zimejaa. Lakini usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, ulikuwa wapi? Milingoti ya simu hula stima. Ina betri na majenereta, lakini betri hufa na mafuta huisha, na barabara ya kupeleka mafuta mengine ndiyo hiyo imekatwa na mafuriko. Mimi sisemi tutupe simu. Nasema asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi wakati wa shida hatuna hata hilo jiwe.

Wa pili husema: "Kuna redio za FM, zitatutangazia." Nazipenda. Kwenye kisiwa cha Mfangano kuna kituo cha jamii, Ekialo Kiona, ambacho hutangaza hata kwa lugha ya Kisuba. Ni jambo la kujivunia. Lakini redio ya FM ni mdomo usio na sikio. Inakuambia, haikusikii. Mtu aliye juu ya kichuguu na bibi yake hana njia ya kuijibu kwamba sisi ni watu kumi na wanne na mtoto mmoja ana homa. Tena mtangazaji atatangaza nini kama hakuna aliyemletea habari kutoka mtoni?

Wa tatu ndiye mgumu, na sitamdanganya. Husema: "Ni ghali." Kweli. Redio ya kufika mbali, ikiwa mpya, ni bei ya ng'ombe na pengine ndama wake wawili. Dani hawezi kuinunua, wala mimi. Lakini hatuhitaji kila boma liwe nayo. Je, kila boma lina posho mill? Lina zahanati? Tunahitaji chache, mahali panapofaa. Tulijenga madarasa kwa harambee, tukanunua mabasi ya shule kwa harambee. Sioni kwa nini redio itushinde.

Wa nne, naye ni mwalimu wangu mpendwa, aliniambia: "Mwanangu, chombo bila mazoezi ni sanduku." Huyu simpingi, namwunga mkono. Kununua redio na kuifungia kabatini mpaka siku ya mafuriko ni kama kununua mtumbwi na kujifunza kuogelea siku unapozama. Ndiyo maana sisemi tupewe redio tu. Nasema tuwe na kikundi.

Na hili hapa ndilo pendekezo langu, walimu wetu na wanafunzi wenzangu. Shule chache za kutwa zilizo kando ya Kuja, kutoka Kisii hadi Nyatike, na chache za kando ya ziwa kutoka Muhuru na Karungu hadi Mbita na Homa Bay, ziwe na chama cha redio. Kila chama kiwe na mwalimu na vijana watakaosomea leseni kihalali. Nasisitiza kihalali, maana kurusha sauti hewani bila kibali ni kosa, na unaweza kuwavuruga wengine walio kazini. Redio iwekwe shuleni, kwa sababu shule ndiko watu hukimbilia maji yakija. Mara moja kwa wiki, saa ile ile, kila kituo kiitikie jina: mto uko vipi kwenu? Ziwa liko vipi? Wiki hamsini zitapita pasipo jambo, tutaona kama tunapoteza wakati. Wiki ya hamsini na moja tutashukuru.

Nimetaja ziwa makusudi. Sote tunajua yaliyotokea kule Tanzania, MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018, zikaondoka na mamia ya watu. Hizo zilikuwa meli, ulimwengu ukazisikia. Mtumbwi wa omena wenye watu wanne ukipinduka usiku mbali na Remba au Migingo, ni nani husikia? Kwa haki, mvuvi majini chombo chake ni redio ya baharini yenye chaneli 16, kwa sababu redio ya ridhaa haikuwekewa biashara ya samaki. Lakini sheria za dunia za redio hazimkatazi mtu aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyo nayo kuitisha msaada. Na kituo cha shule kikiwa ufuoni, pamoja na viongozi wa BMU na watu wa Msalaba Mwekundu, kinaweza kuichukua habari pale simu zilipoiangusha na kuifikisha penye boti la uokoaji.

Sasa mtaniuliza, haya ya waya na betri yanahusu nini jarida la Kiswahili? Yanahusu sana! Mto Kuja huanzia kwa Wagusii ukaishia kwa Wajaluo. Ziwani hukutana Mjaluo, Msuba, Mkuria, na wavuvi kutoka Tanzania na Uganda. Shangazi yangu alijua lugha zote mbili kwa kuwa ameolewa huko. Je, jirani yake ambaye hajui Kijaluo angemwambiaje Dani kwamba maji yanakuja? Kwa Kiswahili, bila shaka. Lakini si Kiswahili cha kuremba kama cha insha. Ni Kiswahili cha nani, wapi, nini, wangapi, saa ngapi. Maneno manane, yasikike mara moja, yarudiwe mara moja, yaandikwe. Nadhani zoezi kama hilo lingetufaa hapa chamani, hata kabla hatujapata redio. Tulifanye kwa karatasi kwanza.

Wapo wanaodhani kujitegemea ni kujitenga, kila mtu na debe lake la mahindi, mlango umefungwa. Mimi sioni hivyo. Wazee wa Kendu Bay hutusimulia habari za Simbi Nyaima, lile ziwa dogo ambalo zamani, wasema, lilikuwa kijiji. Ajuza mmoja alikuja usiku wa mvua wakati watu wanakunywa pombe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha na kumpa chakula. Ajuza akamwonya aondoke usiku ule. Kabla ya mapambazuko kijiji kikafunikwa na maji. Tukiwa wadogo tuliambiwa hadithi hiyo inafundisha ukarimu. Ni kweli. Lakini baada ya yale ya 2024 nimeisikia kwa sikio lingine. Onyo lilikuwa moja, na likamfikia mmoja. Waliosalia hawakuwa na njia ya kulisikia.

Nduru ya wazee wetu ilikuwa na sheria isiyoandikwa: ukiisikia, unaipokea na kuipeleka mbele. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Usiku ule, nduru ndiyo iliyotuamsha, nayo ilifanya kazi yake vizuri. Ila sauti ya binadamu inavuka boma, haivuki milima. Tuirefushe tu. Redio ni nduru ndefu.

Dani sasa amejenga juu kidogo, karibu na barabara. Ana mbuzi wawili. Kila kukicha kunapokuwa na mawingu upande wa Kisii, hutoka nje, hukaza macho, huniuliza, "Nyakwara, huko juu kunanyesha?" Mimi humtazama tu. Sina la kumjibu.

Nataka siku moja niwe na jibu. Walimu wetu, wazazi wetu, nanyi wenzangu wa vidato vyote, tusaidiane nilipate. Kwaherini, na masika mema kwenu nyote.